Tope la Mtani Kwenye Kibao cha Namba

Wadogo zangu wa darasa la tano, nimewaona. Jumamosi mlikuwa mnazurura pale kituo cha malori Isevya, mikono mfukoni, mkijifanya mnamtafuta mjomba aliyepotea. Hakuna mjomba aliyepotea. Mnatafuta utaniboi wa likizo. Basi mimi kazi hiyo nimeifanya likizo baada ya likizo tangu nilipokuwa na kimo chenu, na sasa niko darasa la nane, ndevu zangu bado zinajadiliana kama zitoke au zisitoke, na nimestaafu. Pensheni sina. Nina mgongo unaolia kama kitanda cha bwenini, kifua chenye vumbi la barabara ya Sikonge, na maneno. Mgongo siwezi kuwagawia. Chukueni maneno.

Kwanza mjue taniboi ni nani. Watu wanadhani ni yule anayepakia mizigo, anayepakua, na anayetukanwa na abiria kuku wao akifa njiani. Ni huyohuyo. Lakini kupakia na kupakua hakuzeeshi mtu. Kilichonizeesha mimi ni kibao cheusi chenye herufi na tarakimu nyeupe, kimoja mbele ya lori na kimoja nyuma. Sheria ya serikali inasema kibao hicho kisomeke wakati wote gari likiwa barabarani. Kisifunikwe na mzigo, wala turubai, wala tope, wala vumbi, wala chochote. Kisiposomeka, mwenye kosa ni dereva. Sheria fupi, nzuri, imeandikwa na mtu ambaye hajawahi kufika Sikonge.

Maana barabara ile mnaijua. Kiangazi, lori likisimama vumbi linaendelea na safari, linatupita, halafu linarudi kuuliza kwa nini tumesimama. Masika ni tope. Kati ya kiangazi na masika ni vyote viwili, asubuhi hiki, mchana kile. Kibao cha mbele hakina matata. Cha nyuma ndicho mkwe: lazima ukiendee mara kwa mara, na kwa adabu.

Ufundi wenyewe ni huu. Vumbi kavu usilifute kwa tambara kavu. Unasugua mchanga juu ya rangi, na baada ya likizo mbili tarakimu zimekonda kama sisi mwisho wa muhula. Lipigepige kwanza lianguke, ndipo upitishe tambara bichi. Tope bichi usiliguse, utalitandaza tu. Limwagie maji, au kama hakuna maji liache likauke ulibandue. Na mtakaobeba asali, Mungu awe nanyi. Asali ya Sikonge husafiri kwenye vilindo, yale madumu ya gome la mti, na kilindo hata kishonwe na malaika kitavuja. Kikivuja juu ya kibao, vumbi linahamia pale na ukoo wake mzima. Hapo ni maji ya moto na majivu, na nyuki watakusimamia kazi.

Petroli msitumie. Mimi niliitumia nikiwa mgeni kazini, nikaona naleta maendeleo. Asali ilitoka, kweli, na nusu ya tarakimu 8 ikatoka nayo, tukabaki na 3. Nikaijazia kwa chaki niliyoiazima darasani bila kumsumbua mwalimu. Tukaenda vizuri mpaka mvua iliponyesha. Lori liliondoka Sikonge likiwa gari moja, likafika Tabora likiwa jingine. Dereva wangu hakunipiga. Alikaa kwenye ngazi ya lori, akanitazama, akasema, "Mpwa wangu, hebu nieleze. Huko shuleni mnafundishwa nini?"

Dereva huyo ni mjomba wangu, ndugu wa mama, Yeremia Mihambo. Mnyamwezi wa Goweko, Mmoraviani asiyekunywa pombe wala kutukana mtu, isipokuwa mtu mmoja ambaye nitamfikia. Ujana wake ulikuwa wa jembe la tumbaku, na alilichukia jembe hilo kama mnavyochukia uji wa shule. Lori halikuwa lake, lilikuwa la tajiri mmoja wa mjini. Cha kwake kilikuwa leseni tu. Leseni ile ndiyo iliyowavisha watoto wake, ndiyo iliyonilipia mimi karo, na aliihifadhi ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisa ili mwizi akiiba aone haya.

Sasa, alikuwa ameshapelekwa mahakamani mara moja. Turubai la kufunikia tumbaku lililegea njiani likaning'inia juu ya kibao cha nyuma, na nyuma yetu, bila sisi kujua, alikuwepo Inspekta, yule Mzungu wa polisi wa barabarani, ndani ya Landrova, anajitahidi kusoma. Hakimu alitoza faini, akasema mara ya pili kwa kosa hilohilo leseni inafutwa. Tangu siku ile mjomba akawa mgonjwa wa namba. Tukisimama kupakia, "Namba?" Nami, "Inasomeka, mjomba." Tukisimama abiria akajisaidie porini, "Namba?" "Inasomeka." Nikashuka na kupanda, nikashuka na kupanda, mpaka magoti yangu yakawa na umri wa bibi.

Pale tunapoingilia mjini kutoka Sikonge palikuwa na kizuizi cha polisi, gogo moja juu ya miti miwili yenye panda, na bwana wa gogo hilo alikuwa Koplo Chidawali. Mgogo. Mmenielewa? Mjomba Mnyamwezi, koplo Mgogo. Zamani babu zetu wakibeba meno ya tembo kwenda pwani, njia ilikatiza Ugogo, na Wagogo wakawatoza hongo, ndiyo ushuru wa siku hizo, ya kupita na ya kunywa maji. Wakapigana, wakachoka, wakawa watani. Ndiyo maana mpaka leo Mgogo anaweza kumtusi Mnyamwezi mbele ya wakwe zake, na Mnyamwezi anaweza kumnyang'anya Mgogo mbuzi, na hakuna ruhusa ya kununa. Kununa ni aibu. Kushtaki, hilo halijasikika.

Kwa hiyo kila tulipofika ilikuwa hivi.

"Mwangaluka, mpagazi!" koplo anaanza kwa salamu ya kwetu. "Leo kichwani umebeba nini?"

"Nimebeba chakula cha njaa yenu ya Dodoma. Nasikia huko mbuzi wameanza kuwachunga ninyi."

"Tua mzigo, lipa hongo."

"Nitakulipa kwa kunguni. Wamo wengi kwenye kiti."

Mimi natoa shikamoo yangu, koplo anaitikia, "Marahaba, mjukuu wa mpagazi," halafu anainama nyuma ya lori, anasoma namba kwa sauti kama mwalimu anayeita majina, ndipo anainua gogo. Utani ulikuwa utani, lakini namba aliisoma. Hakuwahi kutuachia hata herufi moja, na hakuwahi kutuomba hata yai.

Siku yenyewe ilikuwa ya masika. Nilikuwa nimekiosha kibao kijitoni kabla hatujaingia mjini, kinang'aa mpaka unaweza kuchania nywele. Koplo akakisoma, akaridhika. Gogo likainuka nusu. Hapo ndipo watani waliposhindwa kuachana.

"Nipe maji ya kunywa, koplo," mjomba akasema kutoka dirishani.

"Hivyohivyo alivyoomba babu yako alipopita kwetu. Bibi yangu akamwonea huruma akampa."

"Akampa tope! Babu alitoa kitambaa kizima, akapewa kibuyu cha tope na chura ndani."

"Chura alikuwa nyongeza."

Abiria juu ya mizigo wakacheka mpaka lori likatikisika. Mama mmoja mwenye vilindo vya asali akapiga vigelegele, na vigelegele, wadogo zangu, ndivyo vilivyomharibu koplo. Mtu mzima akishangiliwa hana akili tena.

"Tope la Ugogo unalidharau? Ngoja nikupe la kwenda nalo!"

Akainama kwenye dimbwi, akachota tope kwa mikono miwili. Mjomba akajua linakuja usoni, akapandisha kioo. Koplo kuona kioo kimepanda, akazunguka nyuma na kukipaka kibao chote, juu mpaka chini, kwa ustadi wa mtu anayekandika nyumba. "Haya! Sasa nenda ukaringe mjini!"

Ilikuwa nishuke, nikimwagie maji, tucheke, twende. Nilikuwa nimeshaweka mguu mmoja chini. Landrova ikatokea upande wa mjini.

Inspekta akashuka. Akazunguka lori kama anayelinunua. Akafika nyuma, akasimama. Koplo naye akasimama wima, mikono mgongoni, tope likidondoka polepole kwenye soksi zake.

"Hii namba hapana soma," Inspekta akasema. "Koplo, wewe iko ona?"

"Naona, Bwana."

"Dereva nani?" Mjomba akashuka. Inspekta akamtambua. "Wewe tena?"

Mjomba akakitazama kibao, akamtazama koplo, akatazama ardhi. "Gari liko mikononi mwangu, Bwana. Mimi ndiye dereva."

Nikafungua mdomo. Mjomba akaniwahi kwa Kinyamwezi, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani: nyamaza. Na juu ya mizigo watu wote waliocheka wakawa wameona kitu cha maana sana huko porini. Hata mama wa asali.

Nyumbani mke wa mjomba, Mama Eliya, hakuimba wimbo huo wa kunyamaza.

"Utani gani unaokula leseni? Nenda kwa huyo Inspekta ukaseme!"

"Nikaseme nini? Kwamba mtani kanitania? Niwe Mnyamwezi wa kwanza kushtaki utani? Nikifa mtani gani atanichimbia kaburi?"

"Atakuchimbia huyohuyo koplo, kwa jembe, maana ndilo unaloliendea. Utarudi Goweko kwenye tumbaku, na watoto nitawavisha majani yake."

"Basi mimi nitasema," nikadakia. "Mimi ni mtoto, utani haunihusu."

Mjomba akanigeukia. "Wewe ni Mnyamwezi au umehama? Ukifungua mdomo huo mahakamani, usiniite tena mjomba."

Zikapita wiki za kungoja kesi. Mjomba akatoa jembe stoo, akalitia mpini mpya, akaliegemeza ukutani pale tunapokula. Koplo nilimwona akipita mbele ya nyumba yetu, mara hii na mara ile, bila kubisha hodi na bila kutoa tusi. Mtani akipita kwako bila tusi, huyo ni mgonjwa.

Siku ya kesi nilitoroka shule. Msiige, nilichapwa, na mwalimu ana mkono mwepesi kwa mtu mwenye mgongo mbovu. Mahakamani palikuwa na picha ya Malkia ukutani, hakimu Mzungu chini ya picha, na mkalimani mwenye tai iliyombana mpaka maneno yakitoka yanatoka membamba.

"Unakubali kosa?" mjomba akaulizwa.

"Tope lilikuwepo, Bwana Mkubwa."

"Umeulizwa kosa. Unalikubali?"

"Tope nalikubali."

Hakimu akachoka naye kabla hata ya saa ya chai, akaandika kwamba amekana, akaita shahidi. Koplo Chidawali akapanda kizimbani, vifungo vinang'aa, akasema alichotakiwa kusema: siku hiyo, mahali hapo, kibao cha nyuma kilikuwa kimefunikwa na tope na namba haikusomeka. Hakuna uongo ndani yake hata punje. Hilo ndilo lililonikera.

"Mshtakiwa," hakimu akasema, "una swali kwa shahidi?"

Swali lilikuwa moja tu, hata ninyi wa darasa la tano mngeliuliza. Tope lilitoka wapi? Mama Eliya alikuwa amenishika mkono, kucha zake zikaingia. Mjomba akasimama, akakohoa.

"Ninalo, Bwana Mkubwa. Koplo, mvua imefika kwenu?"

Mkalimani akamtazama kama hakusikia. Akatafsiri. Hakimu akaandika, halafu akakata alichoandika.

"Swali hili linahusu kesi?"

"Hapana, Bwana Mkubwa. Ila wiki zote hizi hatujasalimiana."

Watu nyuma wakacheka kidogo. Koplo hakucheka. Alikuwa anautazama ukingo wa kizimba.

"Imefika," akasema. "Nimeletewa habari. Mtama umeota." Kisha akamgeukia hakimu. "Bwana Mkubwa, lile tope nililipaka mimi."

Inspekta akainuka kitini, akakaa, akainuka tena. Hakimu akaweka kalamu chini.

"Wewe? Polisi? Kwa nini?"

"Huyu ni mtani wangu."

Hapo mkalimani akakwama. Akajaribu neno moja, akajaribu jingine, hakimu akazidi kukunja uso.

"Ni ndugu yako?"

"Hapana, Bwana Mkubwa."

"Rafiki?"

"Hapana. Huwezi kumwita rafiki, ni Mnyamwezi."

"Adui, basi?"

"Hapana kabisa."

"Sasa ni nani?"

Koplo akafikiri. "Bwana Mkubwa, baba yangu akifa, huyu anaweza kuja akalala ndani ya kaburi na kukataa kutoka mpaka tumpe kuku. Nasi tutampa. Ndiye huyo."

Mkalimani alitafsiri hilo akiwa amefumba macho. Hakimu akatazama dirishani, nadhani akahesabu miaka iliyobaki mpaka arudi kwao. Mwisho akasema sheria imetungwa kumkamata dereva anayeficha namba yake, na hajaona popote panapomtaka dereva ajibu kwa tope la polisi, lililopakwa na polisi, kwenye kizuizi cha polisi, gari likiwa limesimama kwa amri ya polisi. Mjomba akaachiwa, leseni yake mkononi. Mama Eliya akatoa kilio cha furaha ambacho karani alikikemea. Mjomba hakufurahi. Alikuwa anamtazama Inspekta, aliyekwenda kusimama mlangoni kumngoja koplo wake.

Mvua zilipokwisha, likizo imefika tena, asubuhi moja tunapakia Isevya, akatokea mtu na sanduku la bati begani. Kaptula ya kiraia, viatu bila soksi. Sikumjua mpaka alipotua sanduku. Mjomba ndiye aliyeanza, maana baada ya lile tope ndiye aliyekuwa na haki ya kuanza.

"Nani kaacha zizi wazi?"

"Wamenitoa kazini," Chidawali akasema. "Nilikuwa nakwenda stesheni, nirudi kwetu. Nimefika stesheni nikaona sina uso wa kurudi nao."

Mjomba akafunga kamba aliyokuwa anaifunga. Akaifungua, akaifunga tena. "Kupakia mizigo unajua?"

"Kupakia sijui. Sisi ujuzi wetu ni kuwapakua ninyi."

Mjomba akaenda kuzungumza na tajiri. Tajiri alikubali, lakini lori lile lilihitaji taniboi mmoja, si wawili, na mimi nilijua hesabu hiyo bila kuelezwa. Tukatoka siku hiyo watatu: mjomba kwenye usukani, mimi kando yake, Chidawali juu ya mizigo. Kizuizini tukamkuta askari kijana, yule ambaye masika hayo Chidawali alikuwa akimfundisha kazi. Akazunguka nyuma, akaona nani ameshuka kusimama kando ya kibao. Nilikuwa nimeshuka pia, kwa mazoea. Kijana hakujua atie wapi macho, na mtu asiyejua atie wapi macho hutoa amri.

"Wewe taniboi. Futa hapa. Hii herufi haionekani vizuri."

Herufi ilikuwa safi kama sahani ya wageni. Chidawali akabana visigino, mikono ubavuni. "Ndiyo, afande." Akaifuta, taratibu, mwanzo mpaka mwisho. Akarudi kusimama wima. Nilingoja tusi kutoka kwa mjomba, lolote, la mbuzi, la njaa, la bibi na chura wake. Mjomba alikuwa ameshika usukani anatazama mbele.

Gogo likainuka. Chidawali akaweka mguu kwenye gurudumu apande juu. Mlango wa kushoto ukafunguka kutoka ndani.

"Panda mbele, mtani."

"Mbele anakaa mpwa wako."

"Mpwa wangu ana mtihani wa darasa la nane, tukirudi anakwenda kusoma. Panda. Nitamtukana nani njia nzima?"

Nikapanda juu ya mizigo ya watu, nikajifunika shati usoni. Hatukuwa tumefika mbali nikawasikia chini yangu wameanza, sauti mbili kwa pamoja, babu kwa babu, hongo kwa hongo. Nilitaka kujua nani atashindwa. Vumbi likanifikia kwanza.